Mwalimu Aliyepasuka Nyuma

Utumbo wangu nimeuona kwa macho yangu, ukiwa nje, umelala juu ya kikwembe, nguo yangu ya kujifunga, kama wa mbuzi siku ya sikukuu. Watu watatu wa kwanza kuuona baada yangu walitoa kila mmoja shauri lake, na mashauri yote matatu yangeniua. Naanza na hilo kwa sababu najua kuna mwanamke mahali fulani, Lusangi, au Nyangwe, au ndani kabisa upande wa Salamabila, ambaye nyama yake ya nyuma inashuka akienda chooni. Anairudisha kwa vidole, ananawa, anatoka na kusalimia watu akicheka. Dada, haya ni yako. Wengine wasome wakipenda, sikuandika kwa kuwafurahisha.

Naitwa Yuliana. Kijijini wananiita Mama Feza, kwa binti yangu wa kwanza, na nyuma ya mgongo wangu siku hizi wananiita Mwalimu Aliyepasuka Nyuma. Jina hilo nimelichukua mwenyewe nikaliweka juu ya karatasi hii, wasipate tena raha ya kulinong'ona.

Nilifundisha mwaka wa pili wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na nane, katika kijiji kimoja cha upande wa Kabambare ambacho sikitaji jina, kwa sababu hakistahili. Nilizaa mara saba. Baada ya mtoto wa tano ndipo nyama ilianza kushuka. Mwanzoni ilikuwa kama ncha ya kidole. Miaka ikapita, ikawa kama ngumi ya mtoto, nyekundu, yenye ute. Ikishuka nachuchumaa, napaka mafuta kidogo, nasukuma, inaingia. Halafu nakunja kitambaa, nakifunga kwa ukanda kiunoni, naenda kufundisha kujumlisha na kutoa. Chaki ikianguka sikuinama, nilimwamuru mwanafunzi wa mbele aiokote. Walimu wenzangu walisema ninajivuna. Niliwaacha. Mtu akidhani una kiburi anakaa mbali nawe, na mimi nilitaka wakae mbali.

Aliyejua ni mmoja tu, wifi yangu Tabu, dada mkubwa wa mume wangu. Alinikuta nyuma ya nyumba nafua vile vitambaa, akatazama maji ya beseni, akaelewa. Kesho yake alikuja na pampu yake ya mpira mwekundu, ile ya kupigia lavema, dawa ya maji inayoingizwa kwa nyuma. Pampu hiyo imeingia nusu ya kijiji, watoto wenye homa, wanawake wanaotafuta mimba, wanaume wenye mgongo. Mimi alinitengenezea maji ya majani na mizizi, akatia pilipili kidogo, "ili nyama iogope, irudi." Nyama iogope! Na mimi, mwalimu, niliyekuwa na kitabu cha elimu ya mwili wa mtu ndani ya sanduku, nilijilaza ubavu juu ya mkeka na kumwachia mwanamke asiyejua kusoma aniingize pilipili. Kila tumbo likifunga, tulifanya hivyo. Miaka kumi na mitano na zaidi. Kwa hiyo nikiwadharau watu katika habari hii, ujue orodha inaanza na mimi.

Mume wangu Kitenge alilala nami kitanda kimoja muda huo wote. Ama hakujua, ama alijua akaona ni mambo ya wanawake. Sijui lipi lina aibu zaidi. Ni mtu mpole, watu wote wanamsifu kwa upole wake. Jiwe la mtoni nalo halijawahi kugombana na mtu.

Siku yenyewe ilikuwa mwisho wa kipwa, majira ya ukavu, anga bado lina moshi wa mashamba yaliyochomwa. Tumbo langu lilikuwa limefunga siku sita. Jana yake Tabu alikuwa amenipiga lavema mbili, ya pili kali kuliko ya kwanza, na hakikutoka kitu. Asubuhi, jua likichomoza, tulikwenda sisi wawili kwenye kidimbwi kutoa mihogo tuliyokuwa tumeloweka. Mihogo iliyolowa ni mizito kama maiti. Niliinama, nikashika beseni, nikakaza tumbo ili nilipandishe kichwani.

Kitu kikaachia ndani. Hakikuuma sana, na hilo ndilo lililonitisha. Kilikatika kama uzi wa shanga, kisha ukaja uvuguvugu miguuni. Nilidhani nimejinyea. Nikapeleka mkono. Mkono haukukuta ile nyama niliyoizoea. Ulikuta kitu chembamba, laini, cha kuteleza, kirefu.

"Tabu," nikamwita, "angalia nyuma yangu."

Akaangalia, akaweka mikono kichwani. "Yuliana! Iko inatoka yote! Lala chini. Nakimbia kuleta mawese, nirudishe."

"Usiguse."

"Nimesharudisha mingi, mimi. Lala."

"Hii si ile. Huu ni utumbo. Ukigusa nitakung'ata."

Nililala kifudifudi kwenye matope, nimetandika kikwembe changu chini yangu, nikageuza shingo nikauona utumbo umelala juu yake, nzi wakianza kuja. Tabu alikwenda kumwita Kitenge. Alikuja mbio, kofia mkononi. Aliangalia mara moja, akageuza uso upande wa mihogo.

"Tuite watu wa maombi kwanza," akasema. "Kitu kama hiki si cha bure. Kuna mutu."

Mimi nina utumbo nje, na mume wangu anatafuta mchawi.

Nilisema kwa sauti ile ya darasani: "Kitenge, leta mlango." Hiyo sauti anaijua. Walileta mlango wa jiko, wakanilaza juu yake vilevile kifudifudi, wakanifunika kikwembe cha Tabu, wanaume wanne wakanibeba mpaka kituo cha afya. Njiani watu walitoka kwenye nyumba zao kuangalia. Wengine walitufuata. Nilikuwa naona miguu yao tu. Ukitaka kujua watu wa kwenu, lala kifudifudi upitishwe katikati yao. Utaona miguu inavyokimbilia kuona, na inavyosita ukifika wakati wa kupokezana kubeba.

Muuguzi wa kituo nilimfundisha mwaka wa pili. Alirudia mwaka. Aliinua kikwembe kwa ncha za vidole viwili, mkono mwingine umeziba pua.

"Mama Mwalimu, hii ni bawasiri tu. Tutarudisha, nitakupa vidonge, utarudi Jumatatu."

"Bawasiri ina urefu gani?" nikamwuliza.

"Mama, munganga ni wewe ao ni mimi?"

"Wewe si munganga. Huu ni utumbo mwembamba. Umepita kwenye tundu. Ukiurudisha utaoza ndani."

Alikuwa ameshavaa glavu. Aliyeniokoa pale ni mzalishaji wa kituo, mwanamke mfupi aliyezeeka kazini, anaitwa Mama Salima. Aliingia akitokea kwa mzazi, akaangalia, akamsukuma muuguzi kwa kiwiko bila kumwambia neno. Alichemsha maji, akatia chumvi, akayaacha yapoe, akachovya vitambaa safi na kuufunika utumbo wangu wote, taratibu, kama anavyomfunika mtoto aliyetoka sasa hivi. "Utumbo unapaswa kukaa na maji," akaniambia. "Ukikauka utakufa. Tunakwenda Kasongo, mimi na wewe." Alisema mimi na wewe. Kitenge alikuwa amesimama palepale, na yeye akasema mimi na wewe.

Bahati ilikuwa barabarani. Kamyo, lori la mchele, lilikuwa limelala pale kijijini kwa tairi lililopasuka, na shofere alikuwa anamaliza kulifunga. Walinipandisha juu ya magunia, nyonga juu, kichwa chini. Wachuuzi wenye mizigo yao walikuwa wameshakaa huko juu. Mama mmoja akaanza kulalamika.

"Muchele yangu itanuka!"

Shofere alikuwa bado na spana mkononi. "Muchele unaoshwa mbele ya kupikwa," akamjibu. "Kaa kimya ao shuka."

Yule mama hakushuka. Aligeuka akakaa kunipa mgongo safari nzima, mpaka Kasongo, kikwembe chake puani. Shofere, mtu ambaye sikuwahi kulijua jina lake, alipunguza mwendo kwenye kila shimo, na kwenye barabara ile hakuna kitu isipokuwa mashimo. Kwenye miti iliyolazwa juu ya vijito badala ya madaraja alisimama, akashuka, akaangalia, ndipo akapita. Mama Salima alikuwa na bidoni ya maji ya chumvi kati ya magoti. Kila kitambaa kikianza kukauka, alikichovya. Alinieleza habari za wanawake aliowazalisha, mmoja baada ya mwingine, nisilale. Kitenge alikaa ndani, mbele, kwenye kiti cha karibu na shofere. Baadaye alisema jua lilikuwa kali.

Tulifika kabla jua halijazama. Kwenye chumba cha kungojea cha hospitali hakuna aliyejua aniweke wapi. Kukaa siwezi, kulala chali siwezi. Walitandika mkeka sakafuni kati ya benchi mbili. Watu walipandisha miguu juu ya benchi kana kwamba nilikuwa maji. Mwanamke mmoja alimfunika mtoto wake macho kwa mkono, halafu yeye mwenyewe akaendelea kuangalia. Nilisoma tangazo la ukutani la kunawa mikono, nikalisoma tena. Lilikuwa na kosa la herufi. Mpaka leo linanikera.

Munganga mpasuaji alikuja na malapa, amekunja suruali. Alichuchumaa, akafunua vitambaa.

"Nani aliuweka katika maji?"

"Mimi," akasema Mama Salima.

"Umefanya vizuri sana." Akanigeukia. "Mama, utumbo mkubwa umepasuka huku chini, na ule mwembamba umepita kwenye tundu. Tunapasua sasa. Mume wako atie sahihi."

Kitenge aliitazama karatasi. "Ningependa kumwuliza dada yangu kwanza," akasema. "Lakini kule kwetu hakuna rezo ya simu."

Munganga alimwangalia kama mtu anavyoangalia simu iliyozimika. "Dada yako ndiye atakayepasua?"

"Leteni hapa," nikasema. "Huyu mwanaume, aliyemfundisha kutia sahihi ni mimi." Nikasaini nikiwa sakafuni, kalamu imelala, herufi zikaenda upande. Ni sahihi mbaya kuliko zote nilizowahi kuandika.

Sitaeleza upasuaji, sikuwepo. Dawa yao ilinipeleka mahali ambapo ubao mweusi ulikuwa unapumua. Nilipoamka nilikuwa chali, kwa mara ya kwanza tangu kidimbwini, na bomba puani, na tumbo limeshonwa kutoka kitovu kwenda chini. Upande wa kushoto kulikuwa na kitu.

Munganga alieleza mwenyewe, na kwa hilo namheshimu, hakumtuma mtu. Kipande cha utumbo mwembamba kilikuwa kimeshakuwa cheusi, wamekikata. Tundu la chini wamelishona. Ili lipone, kinyesi hakitapita huko, kitapita hapa. "Tumekufungulia mlango tumboni kwa muda. Mvua zikiisha kidogo, mchele ukishavunwa, utarudi tuufunge."

Mlango! Watu wa hospitali wana maneno mazuri. Mlango una ufunguo, unafunga ukitaka. Hiki kilikuwa kinywa chekundu chenye maji, kilichotoa kitu kinapotaka na kupiga kelele kinapotaka. Siku tatu sikukiangalia. Wauguzi walikifunika kwa pamba, nami niligeukia ukuta.

Kwenye kitanda cha pili alilala muuza samaki wa Nyangwe, Mama Asha, mwanamke mkubwa wa mwili aliyekonda ghafla, ngozi ikamning'inia mikononi. Homa ya tumbo ilikuwa imemtoboa utumbo, naye akawekewa mlango kama mimi. Yeye alikuwa na majuma matatu pale. Siku ya nne aliniita kwa sauti ya sokoni.

"Mwalimu! Wewe unajua kusoma, lakini kunya haujui. Geuka, nikufundishe."

Wodi nzima ilicheka. Nilitaka kumtukana. Badala yake niligeuka. Alinionyesha: mfuko mdogo wa plastiki, mdomo wake unakunjwa juu ya pete ya mpira, na ukanda wa kikwembe unaopita kiunoni kuushika. Maji yaliyochemshwa na kupoa, kuosha ngozi kwa kugusagusa, usisugue. Usile maharage siku utakayokwenda kwa watu. Tembea na mfuko wa pili. "Na mutu akiziba pua mbele yako," akasema, "mwulize yake inanuka manukato?"

Jumapili walikuja akina mama wa kundi la maombi, jamaa za Kitenge wanaokaa Kasongo. Walisimama karibu na mlango wa wodi, vitambaa puani, wakaomba kutokea huko, kana kwamba Mungu ndiye aliyehitaji kusogea. Kiongozi wao aliomba kwa urefu nitubu lile lililofungua njia ya ugonjwa huu. Aliposema "Amina," kinywa changu cha tumboni kilijibu kwa mlio mrefu uliosikika wodi nzima. Mama Asha akasema, "Amina." Nilicheka mpaka nyuzi zikaniuma, nikalia kwa maumivu, nikacheka tena. Wale akina mama hawakurudi, na hilo nalihesabu miongoni mwa rehema.

Feza, binti yangu, anauza chakula kwa wachimba dhahabu Salamabila. Habari zilimfikia kwa kupitia midomo ya watu wengi, akaja kwa moto, yaani pikipiki, akipitia kijijini, siku mbili njiani, akaingia wodini na vumbi mpaka kwenye kope. Aliniosha. Alifungua mfuko, akausafisha, akauvalisha tena, bila kugeuza uso. Alipomaliza, alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, Shangazi Tabu anasema nyama ilikuwa inashuka tangu mimi niko mutoto. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Mara ngapi mimi nimekuja hapa Kasongo kununua bidhaa? Mara ngapi nimekuambia, Mama twende pamoja, utembee kidogo?"

Nilinyoosha shuka juu ya mfuko.

"Ulifikiri nitakucheka?"

"Nilifikiri utajua," nikasema.

Alisimama akaenda dirishani. Alikaa huko muda mrefu, akinipa mgongo, na nilijua analia kwa hasira, kwa sababu hivyo ndivyo mimi ninavyolia. Nimewadharau watu wengi maishani mwangu bila kuumia. Siku ile nilijiona kwa macho ya mwanangu, mwanamke aliyekubali kuoza kuliko kujulikana.

Kitenge alirudi kijijini "kuangalia shamba." Aliangalia shamba majuma matano.

Nilirudi nyumbani kumbikumbi walipoanza kuruka. Mama Salima alinipokea njiani akashika mzigo wangu. Kitenge alikuwa amehamishia kitanda chake kwenye chumba cha mbele. Hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza, kwa sababu jibu lake lingekuwa jua ni kali. Mkurugenzi wa shule alinitumia barua: nipumzike nyumbani mpaka nitakapokuwa "katika hali inayofaa kwa watoto." Watoto wenyewe walikuja kunisalimu, wakauliza kama ni kweli nina tundu tumboni, nikawaonyesha ukanda, wakaridhika, wakaanza kunisimulia ugomvi wao. Hao ndio watu wazima niliowaona msimu ule. Kanisani benchi langu lilibaki na mimi peke yangu. Nilikaa katikati yake na kunyoosha miguu.

Mvua zile zilikuwa ndefu. Nilijifunza mwili upya kama mtoto. Nilijua baada ya wali nina muda gani, baada ya sombe ya majani ya muhogo nina muda gani. Ngozi iliungua, ikapona, ikaungua tena siku mvua ilipozuia kukausha vitambaa. Nilikonda mpaka pete ikadondoka kwenye beseni. Tabu hakuwahi kuingia. Alileta chakula, akakiweka kizingitini, akaondoka. Nilikula chakula chake, na kila tonge nilimdharau.

Mchele ulipokwisha kuvunwa, Feza alikuja kunichukua, tukapanda moto hadi Kasongo, mimi nimekaa upande. Munganga alikuwa amesafiri. Tulingoja siku tisa kwenye veranda ya hospitali, tukipika kwenye mafiga matatu pamoja na jamaa za wagonjwa wengine. Nilitegemea kumkuta Mama Asha, maana tulipangiwa kufungwa msimu mmoja. Nilimwuliza muuguzi wa wodi.

"Ule wa Nyangwe? Mama, alikufa katikati ya mvua. Alizidiwa, mto ulikuwa umejaa, hawakuvuka kwa haraka."

Kitanda chake kilikuwa na kijana aliyevunjika mguu. Nilimsalimu kijana, sikuwa na mwingine wa kumsalimu.

Walinifunga. Kwa siku nne baada ya hapo, kila asubuhi munganga aliuliza swali moja tu: "Umejamba?" Hapana. "Umejamba?" Hapana. Mimi, niliyeficha matako yangu miaka ishirini, nikawa na wodi nzima inangojea ushuzi wangu. Siku ya tano ulikuja, mdogo, wa aibu, na mama wa kitanda cha mbele ndiye aliyeusikia kwanza, akapiga kigelegele. Juma lililofuata nilikwenda chooni kama watu. Nilikaa muda mrefu. Niligusa nyuma kwa mkono, kwa mazoea. Hakikushuka kitu, maana waliishona ile nyama ndani wakati huohuo. Feza aliniita kutokea nje mara tatu, akidhani nimezirai.

Sasa wewe niliyekuambia haya ni yako. Usisukume tena. Usikubali pilipili, majani, wala mpira wa mtu. Nenda mahali penye mpasuaji wakati nyama bado ni ncha ya kidole. Na kama imeshapasuka, basi ni maji ya chumvi yaliyochemshwa, kitambaa safi, barabara. Wanaotaka kusali wasali huku wanatembea.

Nilidhani nimemaliza kuandika hapo. Lakini juma la pili baada ya kurudi nyumbani, baada ya ibada, Tabu alikuja. Hakuweka chakula kizingitini. Aliingia, akafunga mlango, akabaki amesimama.

"Yuliana, uangalie," akasema.

"Niangalie nini?"

Alinigeuzia mgongo, akainua kikwembe. Nilikuwa na maneno yangu. Nilikuwa nimeyapanga tangu wodini, makali, kwa mpangilio kama hotuba ya mwisho wa mwaka. Nikaona nyama yake, kubwa kuliko ilivyokuwa yangu, nyekundu, imechubuka na kukauka pembeni.

"Tangu lini?"

"Mbele ya yako. Ile dawa nilikuwa najipima nayo mimi kwanza. Ikinichoma sana, nakupunguzia wewe."

Maneno yangu yote yakakosa pa kukaa. Sikumwonea huruma, nisidanganye. Nilimwona mjinga kuliko nilivyowahi kumwona, na mimi pamoja naye, wanawake wawili wa ua mmoja, kila mmoja amechuchumaa nyuma ya ukuta wake.

"Umejipiga lavema lini?"

"Jana."

"Hiyo ni ya mwisho. Alhamisi tunakwenda Kasongo."

"Watu watajua."

"Watajua."

Alikuja. Kwenye chumba cha kungojea benchi zilikuwa zimejaa. Karani wa kuandikisha wagonjwa, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, aliuliza kwa sauti inayofika uani: "Mama iko na shida gani?"

Tabu alinitazama mimi niseme. Nilifunga mdomo. Nilitaka kumsikia. Alishika ukingo wa meza.

"Nyama yangu ya nyuma inashuka," akasema, na sauti haikutetemeka. "Ina miaka mingi."

Watu wawili waligeuka. Karani hakuinua hata kichwa, aliandika tu. "Miaka yako?"

Hakuijua. Akanigeukia tena.

"Andika sitini na tano," nikasema. Nikasogea kwenye benchi, na wifi yangu akajishusha taratibu, akakaa kwa tako moja, kama tunavyokaa sisi.